Diskaunti ya kuwahi kulipa bili ya umeme: jinsi ya kujua kama inakutendea haki, na cha kufanya kama haikutendei

Kama bili yako ya umeme inakuja na bei mbili, moja ya ukiwahi kulipa na nyingine ya ukichelewa, huu mwongozo ni wako. Kampuni inakwambia lipa kabla ya tarehe fulani upate punguzo la asilimia 20, na ukisoma harakaharaka unaona umependelewa, manake nani anakataa kupunguziwa. Ila ukikaa ukapiga hesabu mara nyingi unakuta ile bei yenye punguzo ndo bei halisi ya umeme, na hiyo nyingine ni bei halisi ikiwa imeongezewa faini, sema tu haijaitwa faini popote kwenye karatasi. Na wanaoilipa kila mwezi sio lazima wawe watu wasiojali, wengi ni wale ambao mshahara unaingia mwisho wa mwezi na bili inadai wiki moja kabla, ni wenye kipato cha leo kipo kesho hakipo, ni wagonjwa, ni wazee ambao wanasubiri mtoto aje awalipie kwa simu. Yaani anayeumia zaidi ni yule ambaye alikuwa na uwezo mdogo tangu mwanzo, na hilo ndo linaloniuma kwenye hii biashara.

Sasa twende kwenye hesabu.

Igeuze iwe faini kwanza

Chukua bili yako ya mwisho. Tuseme inasoma 10,000 ya pesa unayotumia, na punguzo la kuwahi ni asilimia 20. Ukiwahi unalipa 8,000, ukichelewa unalipa 10,000. Watu wanasema nimepoteza asilimia 20. Hapana, umepoteza zaidi, kwa sababu mwenzako anayetumia umeme uleule analipa 8,000 na wewe umeongezwa 2,000 juu ya hiyo 8,000, ambayo ni asilimia 25. Kanuni yake ni rahisi tu: asilimia ya punguzo gawanya kwa (100 toa hiyo asilimia), halafu zidisha kwa 100. Kwa hiyo punguzo la 10 ni nyongeza ya asilimia 11.1 kwa aliyechelewa, la 15 ni 17.6, la 20 ni 25, na la 25 ni kama asilimia 33.3, yaani theluthi nzima ya bei juu.

Ukishapata hiyo namba jiulize swali moja, mimi nikichelewa kampuni inaingia gharama gani? Hili ndo swali ambalo linaamua kila kitu kuhusu haki kwenye hii mada. Gharama zipo, tusidanganyane. Pesa yao imekaa kwako badala ya kukaa kwao, kwa hiyo labda wamekopa kufidia, na pia kuna kukutumia meseji ya kukumbusha, kuna mtu wa kupiga simu, na kuna hatari kwamba hutalipa kabisa. Sasa zipigie hesabu. Tuseme umechelewa siku 20 na kampuni inakopa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, hiyo 8,000 yako kukaa nje siku 20 inawagharimu kama 66 hivi. Sitini na sita! Weka na meseji, weka na simu, fanya hata mara tano ya hapo, bado uko mbali sana na ile 2,000 uliyotozwa. Ukitaka kuiona kama mkopo, nyongeza ya asilimia 25 kwa siku 20 ukiipeleka kwa mwaka mzima inapita asilimia 450. Mkopeshaji akikutangazia riba ya namna hiyo mchana kweupe watu wangemshangaa, ila ikiwa ndani ya bili ya umeme tena imeandikwa kwa rangi nzuri inapita kimyakimya.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: punguzo dogo linalolingana na gharama halisi ya kuchelewa, mimi sina shida nalo, hilo ni haki kabisa. Anayewahi anaiokolea kampuni pesa, wacha arudishiwe kidogo. Punguzo likianza kuwa kubwa mara kumi au zaidi ya hiyo gharama, hapo halihusiani tena na kuwahi, ni njia ya kufanya bei ya matangazo ionekane ndogo.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia hapohapo. La kwanza, punguzo ni la asilimia au ni kiasi maalumu? Manake gharama ya kumkumbusha mteja ni ileile kwa kila mtu, meseji ya mwenye bili ya 4,000 haina bei tofauti na ya mwenye bili ya 20,000. Lakini kwa punguzo la asilimia 20 huyu wa kwanza akichelewa wiki moja anapoteza 800 na huyu wa pili anapoteza 4,000. Na mwenye bili kubwa sio lazima awe tajiri, anaweza kuwa na familia kubwa, au nyumba ya zamani inayopitisha baridi, au mgonjwa nyumbani anayetumia mashine muda wote. La pili, angalia kama kuchelewa siku moja na kuchelewa siku 60 ni adhabu ileile. Karibu kila mahali iko hivyo, ukipitisha usiku wa manane umepoteza yote. Kama kweli lengo ni kufanya watu wawahi, basi mtu akishapitisha tarehe hana tena sababu ya kukimbilia kulipa kesho, si imeshapotea? Punguzo linalopungua taratibu kadiri siku zinavyoenda lingekuwa na mantiki zaidi, ila sijui ni kampuni ngapi zingelikubali kwa hiari yao.

Haya mambo yameshaonekana na kushughulikiwa

Nataka ujue hili manake ukienda kulalamika wanaweza kukufanya ujione wewe ndo mwenye matatizo. Australia tume yao ya ushindani na walaji, ACCC, ilichunguza bei za umeme na kutoa ripoti mwaka 2018, wakakuta zaidi ya robo ya wateja wa majumbani wenye punguzo la masharti walikuwa hawalipati, na kwa wale walioko kwenye mipango ya kusaidiwa kwa sababu ya hali ngumu waliolikosa walikuwa zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu ya watu ambao kampuni yenyewe inajua wana hali ngumu walikuwa wanalipa ile bei ya juu, hebu liwaze hilo. Baadaye ikatungwa kanuni kwamba kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 1 Julai 2020 punguzo la masharti lisizidi gharama za kiasi kinachoeleweka ambazo kampuni inaokoa mteja akitimiza sharti, yaani kilekile kipimo nilichokuonyesha hapo juu. New Zealand nako serikali iliunda jopo mwaka 2018 kupitia bei za umeme, na ripoti yake ya mwisho ya mwaka 2019 ilipendekeza mapunguzo ya kuwahi kulipa yapigwe marufuku kabisa, kampuni ziruhusiwe kutoza ada ya kuchelewa ila iwe ya kiasi kinachoeleweka. Kampuni kubwa kadhaa za huko zikayaondoa zenyewe bila kusubiri sheria.

Mimi napenda zaidi hiyo njia ya New Zealand, kwa sababu faini iliyoitwa faini unaweza kuihoji. Unauliza kwa nini ni kiasi hiki, wanatakiwa wajibu. Punguzo ukilihoji unaambiwa hujalazimishwa, ni fadhila yetu kwako.

Na kuna kundi ambalo husahaulika kwenye huu mjadala, wanaonunua umeme kwa tokeni. Hawa wanalipa kabla hata ya kuwasha taa, hakuna mteja anayewahi kuliko hao, lakini mara nyingi punguzo la kuwahi haliwahusu na sehemu nyingine wamekuwa wakilipa zaidi. Uingereza kwa miaka mingi wenye mita za kulipia kabla walitozwa zaidi ya wale wanaokatwa moja kwa moja benki, mpaka Julai 2023 ndo serikali ikaondoa hiyo tofauti. Kama uko kwenye tokeni na jirani yako mwenye bili anapewa punguzo kwa kulipa wiki mbili baada ya kutumia, una hoja nzito sana mkononi, itumie.

Soma masharti kabla hujafurahia ofa

Hapa ndo watu wanaliwa. Tafuta ukurasa wa masharti, sio tangazo, na uangalie haya.

Punguzo linakatwa kwenye nini? Kuna wanaokata kwenye bili nzima, na kuna wanaokata kwenye yuniti ulizotumia tu, wakati ada ya kila siku ya kuunganishwa na kodi zinabaki kamili. Asilimia 20 ya yuniti tu inaweza kuwa asilimia 12 au 13 ya bili yote kama unatumia umeme kidogo, kwa hiyo mtumiaji mdogo anapewa namba kubwa kwenye tangazo na kitu kidogo kwenye pesa.

Tarehe ya mwisho inahesabiwaje, siku uliyolipa au siku pesa ilipoonekana kwao? Hii inaumiza watu sana, unalipa Ijumaa jioni, benki inapeleka Jumatatu, tarehe ilikuwa Jumamosi, imekwenda. Na siku zinaanza kuhesabiwa lini, bili ilipoandikwa au ilipokufikia?

Ukilipa sehemu unapata punguzo la hiyo sehemu au unakosa lote? Ukiwa na deni la nyuma, hata kama bili ya mwezi huu umewahi, bado unapata? Kuna mikataba ambapo deni dogo la zamani linakufungia punguzo mpaka ulimalize lote, ina maana mtu aliyekwama mara moja analipa bei ya juu miezi mingi mfululizo na hiyo bei ya juu ndo inamzuia kumaliza deni.

Halafu kuna kuunganisha masharti, lazima ukatwe moja kwa moja benki, lazima bili ije kwa barua pepe, lazima uwe na gesi nao pia. Kila sharti likiongezeka ndo nafasi ya kulikosa inaongezeka, na kosa moja mara nyingi linabeba yote.

Kulinganisha ofa mbili bila kudanganywa na asilimia

Usilinganishe asilimia na asilimia. Linganisha bei ya yuniti baada ya punguzo, bei ya yuniti bila punguzo, na ukweli wako wewe mwenyewe kuhusu mara ngapi kwa mwaka huwa unapitisha tarehe.

Mfano. Kampuni ya kwanza inauza yuniti kwa 30 na punguzo la asilimia 20, ukiwahi ni 24. Ya pili inauza kwa 25 tu, haina punguzo lolote. Tangazo la kwanza linavutia zaidi kwa sababu lina namba 20 kubwa pale juu. Kama una uhakika wa kuwahi miezi yote 12 kweli ya kwanza ni nafuu, unaokoa 1 kwa kila yuniti. Lakini kila mwezi unaochelewa unarudi kwenye 30, yaani unaongeza 6. Kwa mtu ambaye matumizi yake hayabadiliki sana mwezi hadi mwezi, akichelewa mara mbili tu kwa mwaka ofa zote zinakuwa sawasawa, akichelewa mara ya tatu ile isiyo na punguzo imeshinda. Hesabu ni hii, chukua unachookoa kwa mwaka ukiwahi zote (1 mara 12), gawanya kwa unachopoteza kila ukichelewa (6), unapata 2. Na ukumbuke mwezi wa kuchelewa mara nyingi ndo mwezi wenye bili kubwa, manake bili kubwa ndo inayoshindikana kulipika, kwa hiyo kuwa mkali kidogo na hiyo hesabu.

Angalia bili zako za mwaka uliopita, hesabu miezi uliyokosa. Usikadirie kwa kichwa, fungua uone. Kama zimepita mbili au tatu, tafuta bei isiyo na masharti hata kama tangazo lake limepooza.

Kama umeshaamua kubaki nalo, lilinde

Jambo la kwanza na la maana kuliko yote ni kuhamisha tarehe. Kampuni nyingi zinakubali kubadilisha tarehe ya bili ukiomba, ila hawatangazi. Piga simu uombe tarehe ya mwisho iwe siku nne au tano baada ya pesa yako kuingia, sio siku hiyohiyo, manake mishahara nayo huchelewa. Kwa wengi hiki kitu kimoja tu kinamaliza tatizo zima.

Kama kipato chako hakina tarehe, lipa kidogokidogo kabla ya bili kutoka. Akaunti nyingi za umeme zinapokea malipo ya mapema na kukaa na salio, ukiweka kiasi kila unapopata, siku bili inatoka tayari robo tatu imeshalipwa. Waulize pia kama wana mpango wa kugawa bili ya mwaka kwa miezi sawasawa, na uhakikishe ukiwa kwenye huo mpango punguzo linabaki.

Kukatwa moja kwa moja benki kunasaidia mwenye salio la uhakika. Kwa asiye nalo ni hatari, manake siku akaunti ikiwa tupu unakosa punguzo, benki inakutoza kwa malipo yaliyogoma, na kampuni ya umeme inaweza kukutoza juu yake tena. Pigo tatu kwa siku moja.

Watu huuliza pia, nikope ili niwahi? Inategemea na namba. Kwa ile bili ya 10,000 yenye punguzo la 20, ukikopa 8,000 kwa ada ya asilimia 10 unalipa ada 800 na unaokoa 2,000, kihesabu umefaidika 1,200. Punguzo likiwa la asilimia 5, unakopa 9,500, ada ni 950, unaokoa 500, umeingia hasara. Ila hata pale hesabu inapokubali, fanya tu kama pesa ya kurudisha unajua inatoka wapi na lini. Mkopo wa haraka ukizungushwa mara ya pili faida yote imekwenda, na bili ya mwezi ujao inakukuta huna kitu.

Ukilikosa, usikae kimya

Wasiliana nao siku hiyohiyo, kwa maandishi kama inawezekana, na uombe warudishe punguzo. Wahudumu wengi wana ruhusa ya kurudisha mara moja moja kwa mteja mwenye historia nzuri, na wanaoomba ndo wanaopewa. Andika kitu kama hiki:

"Habari. Namba ya akaunti yangu ni hii. Bili ya mwezi huu niliilipa siku mbili baada ya tarehe kwa sababu ya (taja sababu kwa kifupi). Bili zilizotangulia nimezilipa kwa wakati. Naomba punguzo la kuwahi lirudishwe kwenye akaunti yangu. Kama haliwezekani, naomba mnieleze kwa maandishi kuchelewa kwa siku mbili kumewagharimu kiasi gani mpaka nitozwe (andika tofauti ya bei). Asante."

Hiyo sentensi ya pili kutoka mwisho, inayouliza gharama, ndo yenye nguvu, usiifute hata kama unaona aibu. Ni swali la halali na mara nyingi ni rahisi kwao kukurudishia kuliko kulijibu.

Kama tatizo lilikuwa lao, bili ilichelewa kufika, mita ilisomwa kwa kukadiria, au mfumo wao wa malipo ulikuwa chini, hapo huombi hisani, unadai. Piga skrinshoti ya ujumbe wa kugoma kwa malipo ukiwa na saa inaonekana, tunza bahasha yenye muhuri au barua pepe yenye tarehe. Na kama unapinga bili yenyewe kuwa kubwa kuliko ulivyotumia, waulize mapema kwa maandishi kama ukilipa kile kiasi usichokipinga punguzo litahifadhiwa mpaka mgogoro uishe. Usisubiri tarehe ipite ndo uulize.

Ukiona huwezi kabisa kulipa, sema kabla ya tarehe sio baada. Omba mpango wa malipo na uombe ndani yake iandikwe kwamba utahesabiwa bei yenye punguzo mradi unafuata mpango. Wasipokubali, malalamiko rasmi kwanza kwa kampuni, upewe namba ya malalamiko, halafu wakikukatalia peleka kwa msuluhishi wa malalamiko ya nishati au mamlaka inayosimamia umeme mahali ulipo. Barua yako iwe fupi na hesabu ziwemo: bei ya kuwahi, bei ya kuchelewa, siku ulizochelewa, asilimia ya nyongeza kwa ile kanuni. Mlalamikaji mmoja ni mmoja, ila malalamiko yanayofanana yakirundikana mezani ndo huwa yanaamsha uchunguzi.

Utakutana na mtu anakwambia mimi nalipa kwa wakati, kwa nini nibebe wazembe? Mjibu kwa upole, ana hoja. Hakuna anayemtaka abebe mtu. Ada ya kuchelewa inayolingana na gharama inamlinda yeye kabisa, anayechelewa anabeba gharama yake mwenyewe basi. Kinachopingwa ni kile kinachozidi hapo, ambapo bei nafuu ya mmoja inachangiwa na mwenzake aliyekwama.

Kwa wapangaji kuna la ziada. Kama bili iko kwa jina la mwenye nyumba na nyie mnamlipa yeye, omba kuona bili yenyewe, sio kiasi kilichoandikwa kwenye kikaratasi. Inawezekana mnachangishwa bei kamili mapema, yeye anawahi kulipa, punguzo linabaki mfukoni kwake. Na mkiwa mnachangiana nyumba moja, kubalianeni kabla kwamba anayechelewesha mchango wake mpaka punguzo likakosekana ndo anabeba ile tofauti yote, sio mgawane sawa na waliotoa pesa yao mapema. Muandike hata kwenye grupu la meseji, inatosha.

La mwisho, ukihama kampuni au nyumba, angalia bili ya kufunga akaunti. Mikataba mingine hailipi punguzo kwenye bili ya mwisho hata ukiilipa siku hiyohiyo, kwa hiyo uliza kabla hujatoa taarifa ya kuhama, na jibu walitoe kwa maandishi.